Uso wa Nyuma ya Ubao

Mama mkwe alikuwa akinifungia stoo kila siku ya kazi, mara tu nikimaliza kuteka maji. Hakunifungia kwa ubaya. Alisema stoo yenye kufuli nje haiulizwi maswali. Mgeni akiiona anajua ndani kuna mahindi tu. Nami niliingia mwenyewe, kwa miguu yangu, nikaketi juu ya gunia, nikasikia ufunguo ukizunguka, kisha nikangoja macho yazoee giza. Mwanga uliingia kwa juu, pale ukuta wa udongo ulipoishia kabla ya kufika kwenye mabati. Chini ya mwanga huo nilichonga.

Mwaka wa kwanza wa Uhuru ulikuwa unaelekea kwisha. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mke wa Hezekiah, na nilikuwa nimekaa miaka minne katika boma la wakwe zangu, kati ya msitu wa Isecheno na mji wa Kakamega. Nilichonga picha za gazeti, na hakuna mtu nje ya boma hilo aliyejua.

Gazeti liliitwa Rangi na Neno. Halikuwa la habari. Lilitoka mara nne kwa mwaka, na ndani yake mlikuwa na hadithi na mashairi ya Kiswahili, mengine ya Kiluhya. Katikati ya kila nakala mlikuwa na picha moja iliyochapwa moja kwa moja kutoka kwenye ubao uliochongwa. Ubao wenyewe ulipakwa wino, ukabanwa juu ya karatasi nzito, karatasi moja moja, mara mia mbili. Ukipitisha kidole juu ya picha ulihisi mistari ilivyozama.

Aliyelianzisha ni Mwalimu Ishaq, mtu wa Mumias aliyefundisha shule mjini. Alikodi chumba pale Shieywe, humo humo mjini, akaweka mashine ya kuchapia ya kuvuta kwa mkono. Alikuwa na masharti mawili kwa mchongaji. La kwanza, atie alama yake chini ya kila picha. Baba mkwe hakujua kuandika, kwa hiyo alitia dole gumba. La pili, nakala mia mbili zikishatoka, yule aliyeuchonga ubao aupige patasi mbele ya Mwalimu, mstari mmoja wa kuuharibu, usichapwe tena.

"Mtu amenunua moja kati ya mia mbili," Mwalimu alizoea kusema. "Tukimchapia mwingine ya mia mbili na moja, sisi ni wezi."

Baba mkwe alikuwa fundi wa vigoda tangu ujana wake, na alizichonga mbao mbili za kwanza za gazeti mwenyewe. Watu walimsifu. Chifu alimpa kiti mbele kwenye baraza. Kisha macho yake yakaingia ukungu mweupe. Ukungu huo niliambiwa tu, mimi sikuuona.

Sikuuona kwa sababu kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni. Hamshiki mkono, haketi alipoketi yeye, hali naye chakula, wala hatamki jina lake. Hata hapa sitaliandika. Akipita uani mimi nilitazama miguu yake. Miguu naijua vizuri. Ningeweza kuichonga nikiwa nimelala.

Nilianza hivi. Kwetu Mautuma, baba yangu alipofariki niliachishwa shule katika darasa la tano, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya na mikono yangu nilijifunza kuchora vibuyu vya maziwa kwa kisu kilichopashwa moto. Niliolewa nikaja na vibuyu viwili. Siku moja mama mkwe alikichukua kimoja akakitazama muda mrefu, akaniletea ubao wa mti wa mukumari na patasi za mumewe zimefungwa kwenye kitambaa.

"Mke wa Hezekiah," akasema, "Baba amechoka macho. Utamsaidia huu mmoja."

Mmoja ukazaa wa pili, na wa pili wa tatu.

Baba mkwe alikaa upande wake wa ukuta, barazani, mimi upande wangu, stoo. Ukuta ulikuwa mwembamba na juu uko wazi. Nilimsikia hata akijikuna. Lakini hakusema nami, wala mimi naye. Tulisema na mama mkwe, aliyeketi nje mlangoni akifinyanga vyungu vyake, maana alizaliwa Ilesi kwa wafinyanzi.

"Mwambie aache weupe mwingi kwenye majani," angesema yeye.

"Baba anasema uache weupe."

"Mwambie Baba nimeshauacha."

"Anasema ameuacha."

"Mwambie asikate kama anamenya viazi. Afuate mti unavyotaka."

Wifi yangu Risper, mdogo wa Hezekiah, alikuwa akipita na ndoo akicheka. "Nyinyi watatu mnaongeanga kama watu wa simu ya posta," alisema. "Mama, utaanza lini kudai mshahara?"

Nilijifunza. Sina budi kukiri kwamba alikuwa mwalimu mzuri. Kwa sauti ya patasi peke yake alijua nimekosea. "Mwambie amekata ndani mno," alisema kabla mimi mwenyewe sijaona. Lakini gazeti lilipotoka na picha yangu katikati, nililetewa nakala kupitia mlango ule ule, nikaisoma juu ya gunia, nikayasoma mashairi yote mara tatu, na chini ya picha nikakuta dole gumba lake. Nikalifunika kwa kidole changu. Kidole changu hakikulitosha.

Mwezi wa kumi ikaja barua ya Mwalimu. Siku za kazi, mimi peke yangu ndiye niliyejua kusoma pale nyumbani, kwa hiyo barua ilipitishwa chini ya mlango na nikaisoma kwa sauti ili ivuke ukuta.

Mwalimu aliandika kwamba Desemba nchi itakuwa Jamhuri na gazeti litatoa toleo la heshima. Kwa toleo hilo aliomba Mzee achonge uso wake mwenyewe. "Watu wameziona kazi zako," aliandika, "sasa wamwone mtu." Kisha kulikuwa na mistari mingine chini. Niliisoma kwanza kwa macho peke yake.

"Soma yote," mama mkwe akasema.

Nikasoma. "Kazi imezidi hapa Shieywe. Nahitaji mkono wa pili wa kuchonga, siku tatu kwa juma, kwa mshahara. Kama yuko mtu yeyote uliyemfundisha, awe mwanamume au mwanamke, niandikie jina lake."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mikono ya mama mkwe, tone, tone, juu ya udongo. Nilikuwa nimeushika waraka kwa vidole vyote kumi. Nilifikiri, sasa baba mkwe atasema. Upande wa pili wa ukuta kigoda kililia, maana alijigeuza.

"Mwandikie," mama mkwe akasema mwishowe. "Sema uso utachongwa. Na hilo lingine, sema hakuna."

Nilingoja sauti yake yeye. Haikuja.

"Mama," nikasema, "niandike hakuna nini?"

"Hakuna mtu. Unataka watu waseme nini? Kwamba mkazamwana amekalia kigoda cha baba mkwe wake angali hai? Kwamba mwanamke ameshika patasi zake? Watasema tumemloga." Akashusha sauti. "Baba ana hicho tu kilichobaki, mwanangu."

Alikuwa akiniita mwanangu mara chache sana. Niliandika. Nina mwandiko mzuri, walimu walikuwa wakiusifu. Niliandika kwa penseli: Kuhusu mkono wa pili, hakuna. Nikatia jina la Hezekiah chini, kama barua zetu zote, nikaisukuma chini ya mlango.

Hezekiah alifanya kazi kwenye kitalu cha miche pale Isecheno, na alirudi Jumamosi. Nilimweleza. Alikuwa akila, akaumega obusuma, ugali wa kwetu, polepole.

"Vumilia," akasema. "Mzee ni mzee."

"Nimevumilia mbao tatu."

"Na huu wa nne. Kisha tutaona." Akanitazama, akaona haya. "Mimi nikiingia humo kati, nitamkana nani? Wewe ama yeye?"

Mimi si mtu wa kujibu. Maneno huwa yananijia baadaye, nikiwa peke yangu.

Jumatatu nikafungiwa na ubao mpya, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Niliambiwa nichonge uso wa mtu ambaye kwa miaka minne sikuwa nimemtazama usoni. Nilijua miguu yake, sauti yake, kikohozi chake cha asubuhi, mgongo wake akienda zake. Mbele yake palikuwa patupu.

Risper aliponiletea uji nilimwita kupitia tundu la mlango. "Wifi. Uso wa Baba ukoje?"

"Uko mbele ya kichwa."

"Risper, tafadhali."

"Haya. Una macho mawili, pua moja, na mdomo wa kusema chumvi haijatosha." Akacheka, kisha akajaribu kweli. "Sijui. Ni uso wa Baba tu. Uso wa baba yako mwenyewe unauelezaje?"

Akaondoka. Lakini neno lake likabaki stoo. Uso wa baba yangu mwenyewe ningeweza kuueleza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili tulipomzika, na nilikuwa naujua wote: kovu juu ya nyusi ya kushoto alipochomwa na pembe ya fahali, nyama iliyokunjika chini ya macho, mdomo uliokaa kama anakaribia kuuliza kitu. Nikachukua patasi. Nilijiambia kwamba wazee hufanana. Nilichonga siku nne na sikuona njaa wala giza. Kwa mara ya kwanza sikusikia hata kufuli.

Mama mkwe aliupokea ubao. Aliupeleka barazani. Nilisikia kigoda, kisha nikasikia kiganja kikavu cha baba mkwe kikipita juu ya mti, kikirudi, kikipita. Muda mrefu.

"Mwambie," akasema, "huyu ni nani?"

Ingawa nilikuwa nimemsikia mwenyewe, ilibidi ningoje mama mkwe aniulize.

"Mwambie Baba... ni baba yangu mzazi."

Kidole chake kiliendelea kutembea. Nilijua kimefika kwenye kovu, maana kilisimama.

"Mwambie alikuwa mtu mzuri," akasema. "Lakini si mimi. Mwambie augeuze ubao achonge upande wa pili. Mti mzuri hautupwi."

"Atachongaje," mama mkwe akauliza, na hili aliuliza kwa niaba yake mwenyewe, "na hajawahi kukuona?"

Hapo baba mkwe akacheka, kicheko kifupi cha puani. Akamwomba mama mkwe bonge la udongo wa vyungu. Alasiri yote nilimsikia akilipigapiga. Alikuwa akijigusa uso kwa mkono mmoja na kufinyanga kwa mwingine. Jioni mlango ulifunguliwa, na mama mkwe akaweka kizingitini kitu kilichofunikwa kwa jani la mgomba.

Niliondoa jani. Baba mkwe alikuwa pale, wa udongo, bado ana unyevu. Paji pana, mashavu yaliyoingia ndani, pua iliyovunjika zamani ikapona upande. Macho alikuwa ameyafumba. Mwanzo niliona haya hata kwa udongo, nikatazama pembeni. Kisha nikatazama. Udongo si mtu. Udongo hakuna aliyenikataza. Nikamtazama siku tatu. Uso huo ulikuwa na woga mdogo pembeni mwa midomo ambao sauti yake haikuwahi kuusema, na nilipouona nikapunguza hasira, nikauchonga huo pia.

Ubao ulikwenda Shieywe, na mwisho wa mwezi wa kumi na moja, siku ya Alhamisi, Mwalimu Ishaq akaja na baiskeli, sanduku la picha mia mbili limefungwa nyuma kwa mpira, na ubao ndani ya mfuko.

Tulijua siku yake. Nilifungiwa mapema. Sheria ya mgeni ilikuwa ile ile: usikohoe, usichonge, usisogeze gunia.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mwalimu. Mulembe."

"Mulembe muno, Mama. Mzee, za siku nyingi? Wa nyumbani kwangu wanakusalimu."

Risper alikuwa akimfukuza ingokho nyuma ya jiko; nilimsikia kuku huyo na nilimsikia Risper akimwambia aache ubishi. Chai ikaletwa. Mwalimu aliisifu picha kwa sauti ya mtu asiyesifu kila kitu. Alisema amechapa miaka miwili lakini hajachapa uso kama huo. Baba mkwe alisema, "Ehe." Mama mkwe alisema Mungu ni mwema. Mimi nilikuwa nimejibanza ukutani, magoti kifuani, nikisikia nikisifiwa kama mtu anayesikia matanga yake mwenyewe.

"Basi, Mzee," Mwalimu akasema, "kabla ya madole gumba, tuumalize ubao. Huu hapa. Patasi hii."

Nilisikia ubao ukiwekwa pajani pa baba mkwe. Zile mbao zangu tatu za mwanzo alikuwa bado anaona kivuli cha kutosha kuzipiga mwenyewe. Kisha sauti ndogo ya patasi ikigusa kitu kisicho mti.

"Mzee," Mwalimu akasema taratibu, "hapo ni goti lako."

Hakuna aliyecheka.

"Mkono umeteleza," mama mkwe akasema haraka.

"Mama, haukuteleza." Mwalimu alikuwa amehama mahali, sauti yake ilikuwa karibu zaidi. "Mzee, tangu lini?"

Nilisikia baba mkwe akiiweka patasi chini.

"Sikuja kukuaibisha. Lakini ubao hupigwa na aliyeuchonga, na nataka kumjua. Na kuna jambo jingine. Nyuma ya ubao huu mna uso wa mtu mwingine. Nilimchapa nakala moja nikamweka juu ya meza, nimemtazama juma zima. Ana kovu hapa. Huyu ni nani?"

"Ah, huyo," mama mkwe akasema. "Huyo si mtu, Mwalimu. Ilikuwa kujaribu patasi tu."

Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba mimi sipo. Hilo nililimeza. Lakini baba yangu alinibeba mgongoni mwake kutoka Mautuma hadi kwa daktari, nikiwa na homa, kutwa nzima, na kila tulipopumzika aliuliza kama bado nipo. Si mtu. Nilitaka kusema. Maneno yalikataa, kama yanavyonikatalia siku zote. Mkono ndio uliokubali. Ulichukua nyundo ya mti ukaigonga nguzo ya stoo, mara moja.

Barazani kikombe kikawekwa chini.

"Ni nini hicho?" Mwalimu akauliza.

"Panya," mama mkwe akasema. "Mahindi yameletanga panya mwaka huu."

Nikagonga tena. Ko, ko, ko, mwendo ule ule wa kuchonga niliofundishwa kupitia ukuta, usio wa kumenya viazi.

"Panya wenu wana nyundo, Mama," Mwalimu akasema.

Risper, kule jikoni, akapasuka kicheko akakizuia.

Kigoda kikalia. "Mama Hezekiah," baba mkwe akasema, "lete ufunguo."

"Baba Hezekiah..."

"Ufunguo."

Mlango ulipofunguliwa jua lilinipiga nikashindwa kuona. Nilitoka nikiwa na vumbi la mti kwenye nywele na nyundo bado mkononi, nikapiga magoti uani, mbali na baraza, macho chini. Niliona miguu ya baba mkwe. Niliona viatu vya Mwalimu, vimepauka kwa vumbi la barabara. Viatu vikashuka barazani vikaja, na ubao ukawekwa mbele yangu juu ya mkeka, na patasi juu yake.

"Ni wewe?" Mwalimu akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na wa nyuma?"

"Baba yangu," nikasema. Sijui kama alisikia. Nafikiri alisikia, maana alingoja kidogo.

"Basi piga, dada. Mstari mmoja, kutoka pembe hadi pembe. Ndiyo kanuni."

Nilishika patasi nikauinamia ubao, na hapo nikamwona. Paji, mashavu, pua iliyovunjika. Mstari wa pembe hadi pembe ungepita katikati ya uso wake. Mke wa mwana ambaye hakuruhusiwa hata kuutazama uso huo alikuwa ametolewa nje mbele ya watu aukate.

Mama mkwe aliona wakati ule ule nilipoona mimi. "Mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "uso wa baba mkwe wake?"

Viatu vya Mwalimu vikarudi nyuma hatua moja. Yeye pia ni mtu wa huku, hakuhitaji kuelezwa. "Sikufikiria," akasema. Kisha: "Lakini siwezi kuondoka na ubao mzima, Mama. Picha mia mbili zimeshaandikwa namba. Apige mwingine?"

"Asiyeuchonga hapigi," baba mkwe akasema kutoka barazani. "Umesema mwenyewe."

Nisipopiga, ni kama sikuuchonga, nirudi stoo. Nikipiga, nimemkata baba mkwe uso, na boma hilo lisingenipokea tena hata kwa kuteka maji. Nilikuwa nimetoka kwenye mlango mmoja nikaingia kwenye mwingine mwembamba zaidi. Nilikaa pale magoti yakiniuma. Mende mdogo alitembea juu ya ubao, juu ya paji la baba mkwe, akaingia sehemu ya nyuma ya kichwa ambako sikuwa nimechonga chochote, ambako ubao ulikuwa laini na ungechapa weusi mtupu.

Nikampuliza yule mende. Nikaweka patasi pale pale alipokuwa, kwenye weusi, nikaanza.

Hakuna aliyenizuia. Chai ilipoa. Risper alikuja akasimama na mwiko mkononi. Sikuwahi kuchonga juani. Kila mstari ulikuwa na kivuli chake na niliogopa kuvichanganya. Nilichonga mlango, mdogo, wazi. Ndani ya mlango, mwanamke ameketi juu ya gunia, mgongo kwa watu, kichwa kimeinama. Uso wa baba mkwe sikuugusa hata kwa ukucha.

Nilipoisukuma patasi kando, Mwalimu alichukua kopo la wino wa madole gumba, akaupaka ubao kwa kitambaa, akalaza karatasi, akasugua kwa mgongo wa kijiko cha chai. Akaibandua. Akatoa moja kati ya zile mia mbili akaziweka sambamba, akatazama moja, akatazama nyingine.

"Ile tuliyochapa mara mia mbili haitoki tena," akasema. "Hii ni nyingine. Ubao umekwisha." Akafuta mikono. "Sijawahi kuona ukimalizwa hivi."

"Nipe," baba mkwe akasema.

Mama mkwe alimpelekea ubao, mbichi kwa wino. Nilisikia kiganja. Kilipita juu ya uso wake mwenyewe polepole, kikitafuta mkato. Hakikuupata. Kikaenda nyuma ya kichwa, kikasimama.

"Mwambie," akasema, "nyuma yangu kuna nani?"

Sikungoja mama mkwe arudie. "Mwambie Baba ni mimi."

Kiganja kikapima tena.

"Mwambie amejichonga mdogo."

Mwalimu alikuwa ametoa kitu mfukoni mwa koti. Aliniletea, akachuchumaa kama mtu asiyetaka kunitisha. Ilikuwa barua yangu, imekunjwa mara nne.

"Mwandiko wa Hezekiah ni mzuri sana kwa mtu wa miche," akasema. Akaweka penseli juu yake. "Nafasi bado iko. Siku tatu. Sitauliza tena, na sitamuuliza mtu mwingine ila wewe."

Niliifungua. Neno lilikuwa pale, kwa herufi zilizonyooka: hakuna.

Nilingoja. Mkazamwana huambiwa, hajiambii. Niliwaza Hezekiah na Jumamosi yake, nikawaza mji utakavyosema. Miguu ya baba mkwe haikusogea. Mdomo wake, ule wa udongo ninaoujua, sijui ulikuwaje wakati ule, na sikuinua macho kuutazama. Mama mkwe alivuta pumzi kama anayetaka kusema, kisha akaiachilia. Hakuna aliyesema ndiyo. Hakuna aliyesema hapana.

Nikachukua penseli nikalipiga neno lile mstari mmoja, kutoka pembe hadi pembe. Chini yake nikaandika jina langu: Khalayi.

Mwalimu aliikunja barua akairudisha mfukoni. Barazani baba mkwe alikuwa ameanza kutia dole gumba chini ya picha, moja baada ya nyingine, mama mkwe akimwekea kidole mahali pake kwa mkono mmoja.

"Mke wa Hezekiah," mama mkwe akaniita bila kugeuka, "mgeni hajanawa, na kuku ameiva."

Nikainuka kuleta maji. Mkono wake mwingine ulikuwa bado umeshika kufuli, limefunguka, na nilipopita niliona hajui aliweke wapi.